Wazazi Kumi na Saba wa Kabula

Iko nchi moja, wala si mbali, ambayo jina lake silitaji. Si woga, hasha! Ni kwamba jina hilo lilipelekwa wizarani kuhakikiwa mwaka ule ule wa uhuru, na mpaka naandika haya jalada halijashuka kutoka ghorofa ya tatu. Basi na tuiite nchi tu, kama wenyewe wanavyoiita, na mwenye macho haambiwi tazama.

Katika nchi hiyo aliishi msusi mmoja jina lake Nyamizi, mwanamke wa maneno machache na vidole vyepesi, pamoja na bintiye Kabula, wa miaka miwili na mwezi mmoja. Mumewe, Lugiko, alikuwa fundi lifti. Sasa nchi nzima ilikuwa na lifti mbili, na zote mbili zilikwama siku ya uzinduzi, moja ikiwa na mgeni rasmi ndani. Tangu siku hiyo serikali ikasisitiza ngazi, kwa afya ya wananchi. Fundi wa watu akakosa la kufanya, akaenda zake Ng'ambo, ambako lifti hupanda na kushuka mchana kutwa bila hotuba. Aliondoka mimba ya Kabula ikiwa ya miezi sita.

Kwa hiyo Kabula hakuwahi kumwona baba yake isipokuwa kwenye simu, na kwake yeye simu ndiyo iliyokuwa baba. Aliibusu, aliilisha uji, aliifunika kanga. Chaji ikiisha alitangaza kwa masikitiko, "Baba kalala." Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyamizi hakucheka. Kila mtoto alipoibusu ile simu yeye aligeukia ukutani, akaapa kwamba mwanawe atamjua baba yake mwenye mikono na miguu kabla ya mwaka kwisha.

Lugiko akapeleka barua huku na huku, na Ubalozi wa Ng'ambo ukatoa viza mbili, ya mama na ya mtoto, ndani ya siku tatu tu. Watu wa nchi ile walilichukulia jambo hilo kama dharau.

"Hata hawakukuzungusha?" jirani yake, Mama Siwema, alimwuliza. "Hata njoo kesho hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Mh! Basi hawakukuheshimu, mwenzangu."

Viza zenyewe zilikuwa za siku tisini. Usipoingia Ng'ambo ndani ya siku hizo zinakufa, na kuomba tena ni mpaka mwaka upite. Siku tisini! Nyamizi alizionea huruma kwa wingi wake, akafunga mizigo siku ya pili. Siku ya tatu ndipo alipoambiwa habari za viza ya kutokea.

Hapa yanipasa kusimama nieleze, maana msomaji wa nchi nyingine atadhani natia chumvi. Mheshimiwa Waziri wa Mipaka na Mambo ya Kwetu alikuwa mtu mwenye wivu wa maendeleo. Siku alipozindua viza hiyo alitoa hotuba ya saa nne, iliyokatizwa na makofi mara mbili na mvua mara moja.

"Ndugu wananchi," alisema, "kila siku sisi tunapiga foleni kuomba viza za kuingia kwa watu. Kwani sisi hatuna wino? Hatuna mihuri? Kuanzia leo nasi tutatoa viza, na zetu zitakuwa za kutoka! Mtu mzima akitaka kwenda, aende salama, tumeshamzoea. Lakini mtoto! Mtoto ni taifa la kesho. Taifa la kesho likipanda ndege leo, kesho tutaamka na nani?"

Makofi. Hayo yalikuwa ya kwanza.

"Wenzetu wa Ng'ambo mtoto akisafiri wanadai ridhaa ya wazazi wawili. Wawili! Huo, ndugu zangu, ni umaskini. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sasa nawauliza, wazazi wawili wana mikono mingapi? Minne! Inatosha? Haitoshi! Kwetu sisi mtoto ni wa wote, na wote wataridhia!"

Makofi ya pili, kisha ile mvua. Ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Mkono Mmoja, yenye vifungu ishirini na viwili, na ndivyo Nyamizi alivyojikuta, siku ya nne, mbele ya dirisha la Idara ya Viza za Watoto Wadogo, Kabula mgongoni.

Nyuma ya dirisha aliketi Bwana Athanas Lukindo, Afisa Daraja la Pili. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, tai imekazwa, kalamu tatu mfukoni: ya buluu ya kuandikia, nyekundu ya kukatalia, na ya kijani ambayo hakuwahi kupewa ruhusa ya kuitumia. Hakuwa mtu mbaya. Naomba mlishike hilo, maana wengi wakisikia afisa wanakunja ngumi mapema.

"Mtoto ana baba wangapi?" aliuliza.

"Mmoja, mzee."

Bwana Lukindo akaweka kalamu chini polepole, kama mtu aliyetukanwa lakini amelelewa vizuri.

"Mama, huyo mumeo alizaliwa peke yake?"

"Hapana. Wako wanne wa kiume, naye akiwemo, na dada wawili."

"Hao ndugu zake wa kiume, mtoto anawaitaje?"

"Yule mkubwa ni baba mkubwa. Wale wengine ni baba wadogo."

"Umesema mwenyewe, mimi sijasema." Akaandika: wanne. "Na hao dada?"

"Ni mashangazi."

"Shangazi kwa mila zetu ni nani?"

Nyamizi alijua, akajifanya anakaza mbeleko.

"Ni baba wa kike," Bwana Lukindo akajijibu. "Sita. Haya, tuje kwa akina mama."

Akina mama walikuwa kazi. Kulikuwa na Nyamizi mwenyewe, ambaye aliandikwa baada ya kutafakari. Kulikuwa na dada zake wanne, wakubwa kwa wadogo, na wake watatu wa wale baba. Kisha Bwana Lukindo akauliza ni nani aliyemkanda mzazi alipojifungua. Mama Siwema. Akaandikwa. Nani alimnyoa mtoto nywele za tumboni? Akaandikwa. Nani mwingine aliwahi kumbeba mtoto mgongoni mpaka akalala? Nyamizi akataka kudanganya, lakini uso ukamsaliti, akamtaja muuza maandazi wa kona ya pili. Jumla ikawa wazazi kumi na saba.

"Waje wote," alisema Bwana Lukindo. "Siku moja, kwa miguu yao, wasaini mbele yangu. Na mtoto umlete kila Jumatatu na kila Alhamisi, tuthibitishe kwamba bado ni yule yule."

"Atabadilikaje, mzee?"

"Watoto hawaaminiki, mama. Wanakua."

Na kweli hawaaminiki. Wiki ya tatu Bwana Lukindo aliishika picha ya Kabula, akamtazama Kabula, akatikisa kichwa. "Kwenye picha meno kumi na sita. Leo nahesabu kumi na manane. Ameongeza mawili bila kutoa taarifa." Picha ikapigwa upya. Foleni ilikuwa ndefu hata Nyamizi akawa anawasuka wanawake waliokuwa mbele yake; mmoja alisukwa mtindo wa twende kilioni, ukamalizika, akaota nywele mpya kabla hajafika dirishani.

Sasa kuna jambo moja hapa, nalo ni la kawaida sana, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Katika nchi ile mtoto hafundishwi kumwita mtu mzima jina lake. Mwanamume yeyote wa makamo ni baba. Na mtu mwenye shida ofisini hujua kwamba salamu ya mtoto inalainisha kuliko mafuta. Kwa hiyo kila Jumatatu na kila Alhamisi Nyamizi alimshusha Kabula, akamnong'oneza, "Nenda kamwamkie baba. Upesi, mwanangu, ili faili letu litembee."

Kabula akaenda. Akapita chini ya meza ya dirishani, mahali ambapo raia haruhusiwi, akasema, "Chikamoo baba." Mara ya kwanza Bwana Lukindo alitazama kwenye Kanuni aone kama hilo linakubalika. Mara ya pili alimpa karanga. Wiki ya tano Kabula alikuwa anakaa juu ya rundo la majalada karibu na kiti chake, amepewa muhuri usio na wino, anagonga karatasi kwa bidii kuliko idara nzima. Bwana Lukindo hakuwa na mtoto. Aliishi peke yake na redio. Mhudumu wa chai, Bi Tausi, aliapa kwamba siku za Jumanne na Jumatano mzee alikuwa mkali kama pilipili.

Nyamizi alikuwa na mengine ya kufikiria. Alikuwa anakusanya wazazi.

Baba mkubwa Shija alikataa hata kusikiliza. "Habari za safari nimezisikia kwa muuza mkaa," alisema, akitazama pembeni. "Mimi, baba wa mtoto, nasikia kwa muuza mkaa! Sina kinyongo. Lakini sisaini." Ikabidi waitwe wazee wawili, iombwe radhi, ipikwe ndizi. Shangazi Milembe naye alisema hawezi kukaa chumba kimoja na mke wa baba mdogo, kwa sababu ya pilau ya harusi moja ambayo ilimfikia haina nyama. Harusi yenyewe wenye ndoa walishaachana, lakini pilau haikusahaulika. Dada mkubwa wa Nyamizi alitaka aulizwe kwanza kabla ya wadogo zake, na wadogo zake walikuwa wameshaulizwa. Muuza maandazi alikubali papo hapo, kisha akarudi jioni akilia. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba yeye ni mama wa mtu.

Kikao cha wazazi wote kilifanyika siku ya sitini na moja ya viza. Walioanza kikao hawasalimiani walimaliza wanagombania nani atamfunga Kabula hirizi ya safari. Nyamizi alikaa jikoni, akamshukuru Mungu, akahesabu vidole. Zilibaki siku ishirini na tisa.

Siku ya sitini na nane wakaingia idarani wote, wamevaa vizuri, kama watu waendao kuposa. Bwana Lukindo alisimama kuwapokea. Akaita majina, wakasaini, wengine kwa kalamu, wengine kwa dole gumba. Alipofika mwisho akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi na sita."

"Wa kumi na saba ni mume wangu, mzee," alisema Nyamizi. "Lugiko. Yuko Ng'ambo. Ndiye tunayemfuata."

"Kwa miguu yao, mama. Ndivyo Kanuni isemavyo."

"Yaani aje huku, aridhie mtoto aende kule, kumwona yeye aliyekuja huku?"

Bwana Lukindo alifungua Kanuni, akasoma kifungu cha saba kwa midomo bila sauti, kisha akasema taratibu, "Ukisema haraka hivyo linaonekana la ajabu."

"Kwani sisi hatutoshi?" baba mkubwa Shija akafoka. "Baba watano tuko hapa!"

"Mnatosha kwa kila kitu, mzee wangu. Ila hamfiki sita."

Siku hiyo Nyamizi alilia hadharani, mbele ya foleni nzima, bila kujificha wala kujifuta. Kabula alitoka kwenye majalada akamfuta yeye, kwa fomu. Bwana Lukindo aliichukua ile fomu iliyolowa, akaitazama, akaiweka mfukoni, akampa Nyamizi simu ya ofisi ampigie mumewe. Simu ya ofisi! Bi Tausi anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Lugiko akaja. Bosi wake wa Ng'ambo aliisoma barua ya Idara iliyomwita mara tatu, akampa ruhusa ya siku tano ili aondoke mbele yake na barua hiyo. Siku ya themanini na nane alishuka kwenye ndege, amebeba mwanasesere mkubwa kuliko mtoto, na kutoka uwanjani alipelekwa moja kwa moja idarani, maana siku hiyo ilikuwa Alhamisi na ndege ya kurudi ilikuwa Ijumaa.

Nyamizi alimwona mlangoni. Miaka miwili na nusu! Alikuwa amenenepa kidogo, ana kovu jipya kidoleni, lakini macho ni yale yale. Hawakukumbatiana, watu walikuwa wengi, na shangazi Milembe alikuwa anatazama. Lugiko alisaini.

"Bado kifungu cha tisa," alisema Bwana Lukindo. Sauti yake ilikuwa chini kidogo. "Mtoto amtambue baba yake mbele ya Afisa. Ni jambo dogo."

Wanaume wakapangwa mstari: Lugiko na ndugu zake watatu. Nyamizi akamweka Kabula chini. Lugiko akachuchumaa, akaweka mwanasesere pembeni, akanyoosha mikono yote miwili. "Kabula," alisema. "Kabula wangu. Njoo kwa baba."

Kabula alimtazama mtu yule. Akaitazama simu mkononi mwa mama yake, kama anayelinganisha. Halafu mtoto akageuka, akapita chini ya meza kwa njia aliyoizoea, akaukumbatia mguu wa Bwana Lukindo kwa mikono yote, akaficha uso kwenye suruali.

"Baba," alisema.

Lugiko alibaki vile vile amechuchumaa, mikono iko hewani, machozi yanamtoka. Na Nyamizi alitamani ardhi ipasuke, kwa sababu alijua nani aliyemfundisha mtoto neno lile mahali pale, mara mbili kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Ni mdomo wake mwenyewe. Faili lilikuwa limetembea kweli.

Bwana Lukindo alivua miwani, akaifuta kwa tai. Akaivaa, akaivua tena. Kisha akafungua Kanuni.

"Kifungu cha tisa," alisoma. "'Atakayetambuliwa na mtoto ndiye baba.'" Akainua kichwa. "Hakisemi kwamba mwingine si baba. Ndugu Lugiko hajakataliwa. Hajatambuliwa kwa sasa. Kimeongezeka kichwa kimoja tu."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye orodha, chini ya Lugiko: Lukindo, Athanas, mzazi wa kumi na nane. Kwenye safu ya uhusiano akaandika *baba*. Kwenye safu ya ridhaa mkono wake ulikaa muda mrefu bila kuandika chochote, mpaka Nyamizi akaogopa. Kisha akaandika *naridhia*, kwa ile kalamu ya kijani.

"Gonga basi muhuri, mzee," baba mkubwa Shija akasihi.

"Siwezi. Afisa haruhusiwi kugonga muhuri kwenye jalada la mwanawe. Ni upendeleo."

"Mkurugenzi je?"

"Yuko kwenye semina ya kupunguza semina. Anarudi mwezi ujao."

Wazazi kumi na saba wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Bwana Lukindo alivuta karatasi, akajiandikia ombi la likizo ya dakika kumi, akalisoma kama mkubwa wa zamu, akajikubalia. Akafungua droo, akatoa muhuri wenye wino, akauweka mezani pamoja na funguo.

"Bi Tausi," aliita. "Kwa mujibu wa kifungu cha ishirini, afisa akiwa likizo, anayebaki na funguo ndiye anakaimu."

Bi Tausi akaweka birika chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akagonga. Pah!

"Ndiyo hii tu?" akauliza, akiutazama muhuri. "Miaka yote hii nilidhani mna kazi."

Watu wakapiga vigelegele, na shangazi Milembe akamkumbatia mke wa baba mdogo pasipo kukumbuka pilau. Lakini Kabula hakutaka kuachia ule mguu. Ikabidi Bwana Lukindo ambebe mwenyewe, atoke naye, ashuke naye ngazi zote mpaka getini ambako teksi ilikuwa inangoja, Lugiko akifuata nyuma na mwanasesere wake. Pale getini alimpa Lugiko mtoto, mikono miwili kwa mikono miwili. Kabula akapiga kelele, akajinyoosha kurudi kwake: "Baba! Baba!"

Bwana Lukindo akamwinamia, akamfuta mashavu kwa tai.

"Baba ni huyu, mwanangu," alisema. "Mimi ni serikali."

Kabula alilia njia nzima mpaka uwanja wa ndege, akalia wakati wa kukaguliwa, akalia kwenye ngazi za ndege. Lugiko alimshika kama mtu aliyekabidhiwa yai la mwenzake. "Ananikataa," alisema. "Mbebe tu hivyo hivyo," Nyamizi alimjibu, na hakuthubutu kumtazama usoni. Ndege ilipopaa mtoto alichoka, akatafuta mahali pa kulaza kichwa, akalaza palipokuwa karibu. Lugiko hakusogeza bega saa tisa zote, hata chakula kilipopita.

Yaliyobaki Bi Tausi ndiye aliyemsimulia Nyamizi kwa simu, mwezi wake wa tatu Ng'ambo, Kabula akiwa mabegani kwa Lugiko anabonyeza vitufe vya lifti. Siku ile, alisema, Bwana Lukindo alirudi dirishani baada ya saa moja, macho mekundu. Mkurugenzi aliporudi kutoka semina akakuta dakika hamsini hazina maelezo, akataka kumwandikia barua kali. Idara ya utumishi ikapitia orodha, ikaona mtumishi ni baba halali wa mtoto mmoja, jina Kabula, kwa kifungu cha tisa. Ikazikata dakika hizo kwenye likizo yake ya uzazi, ya siku tano za kazi, saa nane kila siku. Zilimbakia siku nne, saa saba na dakika kumi, na mzee wa watu alizichukua zote, akakaa nyumbani na redio yake, imezimwa.